Taa Zimhesabu na Mwenye Miguu
Na Mama Kivuko

Alhamisi asubuhi pale Kanduyi, Bungoma, mama mmoja mwenye beseni la ndizi kichwani alisimama kando ya barabara, mtoto wa sare akiwa ameng'ang'ania leso yake. Lori la Malaba likapita, la pili likafuata, kisha la mafuta. Nafasi ilipopatikana, bodaboda wawili wakapenya. Mama akapiga hatua mbili, akarudi nyuma kwa kishindo, ndizi zikatapakaa. Matatu iliyokuwa ikija ikapiga honi, mwendo ule ule. Mpaka naandika haya hasira haijaniisha.

Baadaye, kwenye matatu ya Kitale, abiria jirani yangu akanihakikishia kwamba dawa ni taa za kisasa, zenye kamera na vihisi, zinazosoma foleni na kujipangia muda. Safari iliyobaki nikawa nambishia.

Taa husoma kile ilichoagizwa kusoma. Kihisi cha waya kinachofukiwa kwenye lami huhisi chuma, na yule mama si chuma. Foleni ya malori itaongezewa kijani, yeye ataongezewa kusubiri. Wahandisi hukadiria mtu hutembea mita 1.2 kwa sekunde, yaani barabara ya mita 12 huvukwa kwa sekunde 10. Hiyo ni kwa asiye na mzigo wala mtoto. Asipotengewa zamu yake kwenye mpango, atavuka kwa kubahatisha.

Nairobi wana taa miaka nenda miaka rudi, na bado polisi husimama chini yake akiyaita magari kwa mkono huku nyekundu inawaka. Kitale nako, mahindi yakivunwa, matrekta na trela zake hugombania lami na mikokoteni na matatu za Kapenguria. Mtambo gani utapanga zamu hapo ikiwa hakuna aliyekwenda kutazama?

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti usafiri wa kaunti, trafiki na maegesho. Barabara kuu zina mwenyewe mwingine, lakini wanaogongwa ni wakazi wa kaunti. Nataka rangi ya kivuko ipakwe, matuta yawekwe, bodaboda wapewe pa kusimama, na watembeao wahesabiwe kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Kisha ndipo tuzungumzie kamera. Na mhandisi ambaye hajawahi kuvuka Kanduyi kwa miguu asipewe zabuni ya taa zake.