Mashine ya Kutafutia Metali Pwani: Mwulize Muuzaji Habari za Chumvi



Juma hili twajibu swali la askari mmoja anayekaribia kustaafu. Amesikia kwamba katika nchi za ng'ambo wako watu watembeao ufukweni na mashine ya kutambua metali, wakaokota pete na sarafu zilizodondoshwa na waogaji. Naye ataka kutenga sehemu ya kiinua mgongo chake anunue mashine hiyo, aende nayo pwani, na siku nyingine aitumie kando ya ziwa letu. Auliza: inunuliwe ipi? Chini ya barua mkewe ameongeza mstari mmoja: je, inunuliwe kweli? Maswali yote mawili ni ya haki, na la mama ndilo zito zaidi.

Askari hawahitaji kutambulishwa sana kwa mashine hii, maana ilikwisha kuwa mwenzao wa kazini. Mwaka 1941 afisa wa jeshi la Polandi, Józef Kosacki, akiwa uhamishoni Scotland, alibuni chombo cha kutambua mabomu yaliyotegwa ardhini, chenye uzito wa karibu kilo 14, ambacho mtu mmoja aliweza kukibeba na kukitumia. Vyombo 500 vya namna hiyo vilitumiwa kusafisha njia katika mapigano ya El Alamein, nchini Misri, mwaka 1942. Vita vilipokwisha, vyombo vya jeshi viliuzwa kwa raia kwa bei rahisi. Mmoja wa walionunua alikuwa Kip Wagner, mjenzi wa nyumba huko Florida, Marekani, naye akakipitisha ufukweni karibu na mji wa Sebastian, akitafuta mabaki ya merikebu 11 za Kihispania zilizovunjwa na kimbunga mwishoni mwa Julai 1715. Yeye na wenziwe walipata mali nyingi. Lakini walifanya kazi miaka mingi, tena kwa kibali cha serikali ya jimbo lao. Jambo hilo la pili wasimuliaji hupenda kuliacha.

Sasa tuitazame mashine yenyewe. Ndani ya sahani iliyo mwishoni mwa mpini mna waya uliozungushwa. Umeme upitao humo hutoa nguvu ya sumaku ibadilikayo upesi upesi. Nguvu hiyo ikikuta metali, huamsha ndani yake mkondo mdogo wa umeme, nao mkondo huo hurudisha jibu kwenye sahani, mashine ikalia. Basi mashine haioni dhahabu. Husikia umeme tu. Matata ya bahari huanzia hapo, kwa sababu maji ya chumvi nayo hupitisha umeme.

Juu ya ufuko, kwenye mchanga mkavu, karibu kila mashine nzima hufanya kazi. Ukishuka kwenye mchanga uliolowa, mashine ya kawaida ya bei nafuu, ile itumiayo mtetemo wa kasi moja tu, huanza kulia ovyo kila wimbi lipitapo. Mwenyewe huchoka na kelele, akapunguza usikivu wake mpaka inyamaze. Lakini ikinyamazia chumvi, imenyamazia pia mkufu mwembamba wa dhahabu, maana jibu la mkufu wa namna hiyo na jibu la maji ya chumvi hufanana mno. Hivyo mtu aweza kutembea asubuhi nzima juu ya kile hasa alichokifuata, asisikie neno. Pale penye mchanga mweusi wenye chembe za chuma hali huwa mbaya zaidi: mashine ya mtetemo mmoja ukiirekebisha kwa ajili ya chumvi hukorofishwa na chuma, na ukiirekebisha kwa ajili ya chuma hukorofishwa na chumvi.

Ziko dawa mbili. Ya kwanza ni mashine itumiayo mitetemo ya kasi mbalimbali kwa wakati mmoja. Hiyo hulinganisha majibu, ikaitoa chumvi na kubakiza metali, na bado yaweza kukuambia kwa kiasi fulani kama kilichomo ni msumari au ni pete. Ya pili ni mashine ya mapigo. Hutuma pigo fupi la umeme, ikangoja kitambo kidogo mno, ndipo isikilize. Jibu la chumvi hufifia mapema, la metali hukawia. Mashine ya mapigo hufika chini zaidi na haijali mchanga mweusi, lakini aghalabu haitofautishi. Hulilia kizibo cha soda kama inavyoililia dhahabu, na wewe sharti uchimbe vyote. Kwa ufuko wenye wageni wengi na takataka nyingi, mimi ningechagua ile ya mitetemo mingi bila kusita. Ile ya mapigo ni ya mtu mvumilivu, mwenye mgongo mzima na ufuko usio na misumari.

Kwa ziwa hali ni nyingine. Maji ya Ziwa Viktoria hayana chumvi ya bahari, na hata mashine ya kawaida yaweza kutosha, ila udongo wetu mwekundu wenye chuma hutaka mashine inayoweza kurekebishwa kufuatana na ardhi. Tena ziwani kuna kichocho. Mtu anayesimama saa tatu maji yakiwa magotini, akitafuta sarafu ya shilingi, aweza kurudi nyumbani na ugonjwa ambao matibabu yake yatazidi thamani ya sarafu.

Neno "haiingii maji" nalo lina hila. Mashine nyingi zina sahani isiyoingia maji, lakini kisanduku chenye betri na vitufe hakistahimili hata wimbi moja la kiunoni. Uliza kina kilichoandikwa na mtengenezaji kwa mashine nzima, siyo kwa sahani peke yake. Visikilizio vya masikioni viwe vya waya ikiwa sahani na kisanduku vyote vitazama, kwa maana mawimbi ya redio yale madogo hayapenyi majini. Sahani kubwa hufika chini zaidi, lakini husukumwa na mawimbi na kuchosha mkono. Upana wa kama sentimita 25 wafaa watu wengi. Nunua pia chota ya chuma kisichoshika kutu, yenye matundu na mpini mrefu. Bila chota hiyo, kila ukichimba majini shimo hujifukia mbele ya macho yako. Wakati mwema ni maji yakipwa, hasa siku za bamvua, mwezi uandamapo au uwapo mpevu, ambapo bahari huacha wazi mahali palipofunikwa siku nyingine.

Pete moja hupatikana kwa kina cha sentimita 20 au 30 hivi. Anayekuahidi mita tano, mwache. Polisi na wanajeshi wanakumbuka mkasa wa Irak: fimbo iliyoitwa ADE 651, antena iliyochomekwa kwenye mpini, iliuzwa kwa serikali ile kwa madai kwamba yatambua mabomu kutoka mbali. Ndani yake hamkuwa na mtambo wowote ufanyao kazi, na askari wa vizuizini waliitegemea huku magari yenye mabomu yakipita. Muuzaji wake, Mwingereza James McCormick, alifungwa miaka 10 mwaka 2013. Fimbo za jamii hiyo zingali zikiuzwa kwa watafuta dhahabu.

Hata mashine ya kweli haitofautishi pete na kombora la zamani. Ukichimba ukaona kitu kikubwa chenye umbo la risasi au bomu, usikiguse. Weka alama, waondoe watoto, toa habari polisi. Na vitu vya kale si mali ya mwokotaji. Mbele ya Fort Jesus, Mombasa, merikebu ya Kireno Santo António de Taná imelala tangu 1697, na Kenya ina sheria ya urithi wa taifa ya mwaka 2006, kama Tanzania ilivyo na yake ya mambo ya kale ya mwaka 1964. Uliza ruhusa kabla ya kuchimba.

Sasa neno la mama. Mashine nzuri ya bahari huuzwa kwa mamia ya dola za Marekani, na nyingine hupita elfu. Isinunuliwe kwa kiinua mgongo kwa matumaini kwamba italisha nyumba, haitailisha. Kama ni ya kujiburudisha na fedha zipo, inunuliwe, lakini kwa sharti: mama na awepo. Avue pete yake, ifungwe uzi, ifukiwe kiganja kimoja chini ya mchanga uliolowa kwa maji ya bahari, naye muuzaji aitafute mbele ya macho yake. Ikilia, walipe. Siku ya kwanza wakitoka baharini, waioshe yote kwa maji ya bomba na kuifuta, kisha wafungue mpini na kutoa mchanga ulioingia kwenye maungio, maana chumvi ikikaukia humo, mpini haufunguki tena.