Mawese Katika Tangi la Dizeli: Hesabu Haijakaa Sawa

Kila bei ya dizeli inapopanda, wenye mashine za kusaga na wenye malori wa Kasulu na Kibondo husikia ushauri uleule: changanya na mawese, au ongeza mafuta ya taa kidogo. Mara nyingi mtoa ushauri hana injini.

Kwamba injini ya dizeli huchoma mafuta ya mimea si jambo la ubishi. Mwaka 1900 injini ya aina hiyo iliendeshwa kwa mafuta ya karanga katika maonyesho ya Paris. Mwaka 1937 Mbelgiji G. Chavanne alipewa hataza ya kutumia mafuta kama mawese ya Kongo, ng'ambo tu ya Ziwa Tanganyika, na mwaka 1938 basi likabeba abiria kati ya Brussels na Louvain kwa mafuta hayo. Lakini Chavanne hakumimina mawese mabichi tangini. Aliyapika kwanza na spiriti hadi yakawa mepesi. Habari hii hufika sokoni ikiwa nusu.

Mawese mabichi ni mazito takriban mara 10 kuliko dizeli, na asubuhi za baridi za huku milimani huganda. Nozeli haiwezi kuyapuliza yawe ukungu, hivyo hutoka matone. Sehemu isiyoungua huwa masizi magumu kwenye nozeli na kwenye ringi, na nyingine huteremka kando ya pistoni hadi kwenye oili. Humo, kwa joto, oili huanza kuwa nzito, na oili nzito huchelewa kufika kwenye beringi. Injini za zamani za mwendo wa polepole huvumilia zaidi. Lori la kisasa halivumilii.

Biodizeli, yaani mafuta yaliyokwisha kugeuzwa, hulainisha pampu vizuri kuliko dizeli yenyewe. Tatizo lake ni jingine: ikivujia kwenye oili haikauki upesi kama dizeli, hivyo oili huwa nyepesi na lazima ibadilishwe mapema. Pia huyeyusha uchafu wa miaka tangini na kuziba filta.

Mafuta ya taa ndiyo mabaya zaidi, kwa kuwa pampu hulainishwa na dizeli inayopita ndani yake, na mafuta ya taa hayana utelezi wa kutosha. Uchakachuaji ulizidi hadi EWURA ikaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na bajeti ya 2011/12 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuua faida ya mchezo huo.

Sasa tupige hesabu, kwa tarakimu za mfano tu. Mashine inatumia lita 10 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Mchanganyiko ukiokoa Sh 300 kwa lita, mwenye mashine anabaki na Sh 78,000. Oili lita 5 iliyokuwa ikibadilishwa mara moja kwa mwezi sasa inabadilishwa mara mbili: kwa Sh 10,000 kwa lita, hiyo ni Sh 50,000 ya ziada. Ongeza filta ya Sh 12,000. Imebaki Sh 16,000, na fundi hajaitwa. Ringi zikinasa mara moja tu, akiba ya mwaka mzima imekwenda, na kama mashine ni ya mkopo, marejesho hayangoji.

Halafu kuna soko la mawese yenyewe. Nchi bado inaagiza mafuta ya kula, na ndiyo sababu Serikali ilianzisha kampeni ya michikichi Kigoma mwaka 2018. Mwenye dumu la mawese ana mteja jikoni. Sioni kwa nini aliuzie tangi.

Anayeng'ang'ania kuchanganya apime oili kila asubuhi kabla ya kuwasha. Kiwango kikionekana kupanda kwenye kijiti badala ya kushuka, mafuta yameshaingia chini, na oili hiyo imwagwe siku hiyohiyo.