Mzee Hafungwi Kama Mtumba

Watu wa Tabora tunajisifu kwa uvumilivu. Babu zetu Wanyamwezi walibeba meno ya tembo mabegani hadi Bagamoyo, na mpaka leo anayeugua huambiwa, "Vumilia, wewe ni mwanamume." Sina ugomvi na sifa hiyo. Ugomvi wangu ni pale inapopelekwa kwa mzee aliyevunjika ubavu.

Hapa Mtendeni watu huanguka miembeni, na siku hizi kuna bodaboda. Mzee akigongwa, jamaa humfunga kifua kwa kanga, wakikaza kama wafungao mtumba. Wanampenda, hilo silibishi. Lakini kifua kilichokazwa hakipanuki. Mgonjwa huvuta pumzi fupi fupi, huogopa kukohoa, makohozi hutuama mapafuni, kisha nimonia huingia. Akifa tunasema ni uzee. Uzee gani huo? Zamani hata madaktari walifunga, nao wakaacha walipoyaona madhara yake.

Mwaka 2000 madaktari wa Seattle, Marekani, walichapisha hesabu zao. Kati ya wagonjwa 277 wa miaka 65 na zaidi waliovunjika mbavu, asilimia 22 walifariki. Kwa wenye umri mdogo zaidi ilikuwa asilimia 10. Nimonia iliwapata wazee 31 katika kila mia. Tena kila ubavu uliozidi kuvunjika uliongeza hatari ya kifo kwa asilimia 19. Nitaambiwa hayo ni ya Wazungu. Je, mbavu za Mnyamwezi ni za chuma? Wale walilazwa katika hospitali kubwa yenye mashine, na bado walikufa. Sembuse wetu alalaye sebuleni!

Halafu kuna habari ya picha. Nilimsindikiza jirani mahali fulani, akaambiwa, "Eksirei haionyeshi kitu, nendeni." Eksirei ya kawaida hupitwa na mivunjiko mingi ya mbavu, altrasaundi, mashine ileile ya wajawazito, huiona mingine iliyofichika. Mzee mwenye maumivu makali ya ubavu baada ya kuanguka atibiwe kama aliyevunjika, picha iseme isiseme.

Na tiba yenyewe, kwa wengi, haihitaji kisu. Apewe dawa ya maumivu kwa saa zake, bila kungoja alie. Akae kitako, atembee, avute pumzi ndefu, akohoe huku amekumbatia mto. Ubavu huunga wenyewe kwa wiki sita hivi. Akishindwa kupumua au akitema damu, hospitali upesi.

Wapo wanaomnyima kidonge eti asije akazoea dawa. Waje wakae naye usiku mmoja, wamtazame akipiga chafya.