Jumba limehifadhiwa, lugha je?

Kwenye barabara ya West Coates mjini Edinburgh, huko Uskoti, kuna jumba la mawe lenye minara, lililochorwa na William Playfair na kufunguliwa na Malkia Victoria mwaka 1850. Fedha zilitoka kwa mchapishaji James Donaldson, aliyeacha mali yake ili watoto maskini walelewe. Liliitwa Hospitali ya Donaldson ingawa halikuwa la wagonjwa: katika Kiingereza cha zamani neno hilo lilitaja pia nyumba ya hisani. Baadaye likaitwa Shule, likaitwa na Koleji. Leo ni fleti za wenye pesa.

Tangu mwanzo watoto viziwi na wanaosikia walikaa humo pamoja. Mwaka 1938 shule iliunganishwa na taasisi nyingine ya viziwi ya mji huo, na hatimaye wakabaki viziwi peke yao. Mwaka 2008 ikahamia Linlithgow, na jumba likauzwa.

Mimi silii juu ya mawe. Mawe yana sheria yake: jumba hilo limo katika daraja la juu kabisa la majengo yanayolindwa Uskoti, na huwezi kulibadilisha ovyo bila kibali. Lugha iliyokuwa ikisemwa kwa mikono katika mabweni haikuombewa kibali na mtu.

Kwetu sisi wanaisimu, hapo ndipo penye jambo. Zaidi ya watoto tisa kati ya kumi walio viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia. Kwa hiyo lugha ya ishara mara nyingi haishuki kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto kama Kiluba au Kibemba. Hupita kutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo, usiku, bwenini. Ndiyo maana katika Lugha ya Ishara ya Uingereza namba na rangi hutofautiana mkoa kwa mkoa, na shule mtu aliyosomea ina mchango wake katika tofauti hizo. Watafiti wamekwisha kuona kwamba vijana wanatumia ishara za kimkoa kidogo kuliko wazee.

Mwenzangu mmoja wa mwaka wa mwisho ananiambia: shule hizo zilitenga watoto, tena tangu mkutano wa Milano wa mwaka 1880 shule nyingi za Ulaya zilikataza ishara darasani. Ni kweli, na siombi mabweni yale yarudi. Lakini darasa lilipokataza, bweni liliendelea kufundisha. Anayesema leo kwamba kila mtoto kiziwi aende shule ya jirani ajibu kwanza: mtoto huyo atapiga soga na nani? Mkalimani mmoja si jamii ya wasemaji. Uskoti ilipitisha sheria ya lugha hiyo mwaka 2015, nami naisifu, lakini ilikuja miaka saba baada ya jumba kuachwa.

Na sisi je? Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyekuwa kiziwi mwenyewe, alianzisha shule za viziwi katika nchi nyingi za Afrika kuanzia Ghana mwaka 1957, na nchi yetu, enzi za Zaire, ilikuwa mojawapo. Ishara za Kimarekani alizokuja nazo zikakutana na za watoto wa hapa. Huo ni mchanganyiko wa lugha ambao profesa yeyote wa isimujamii angeufurahia, lakini katika miaka yangu yote ya fakulte nimeusikia ukitajwa mara moja, dakika chache kabla ya kengele. Tunaandika memwari ya kumi kuhusu viambishi vya Kiswahili (yangu ni mojawapo!) huku mabweni ya viziwi yakiwa safari ya basi tu kutoka oditorio yetu.

Napendekeza idara itoe angalau mada moja kila mwaka kuhusu ishara za shule hizo, na kiziwi alipwe kama mwalimu wa mtafiti, si kama kitu cha kuchunguzwa. Tuanze mwaka huu, wakati mabweni bado yana watoto.