Kocha, Hata Mtoto wa Kumi na Mbili Alilipa Nauli

Ukitaka kujua kama kocha wa watoto anaijua kazi yake, usimuulize ameshinda vikombe vingapi. Nenda mazoezini Jumamosi asubuhi, simama kando ya uwanja, umtafute mtoto aliye mwisho kwa foleni. Hesabu amegusa mpira mara ngapi kwa dakika kumi. Hiyo namba ndiyo ripoti ya kocha. Hayo mengine ni picha za Instagram.

Mimi nasaidia kufunza mpira wa kikapu timu ya watoto wa miaka 10 hadi 14 hapa Hurlingham, na nikipata nafasi napitia viwanja vingine, kuanzia pande za Yaya hadi Upper Hill, nione wenzangu wanafanyaje. Maoni yangu ni haya, na najua kuna watu watakasirika: mazoezi mengi ya watoto hapa Nairobi yanapangwa kwa ajili ya watoto watano. Wale saba waliobaki wanakuja kujaza foleni, kuokota mipira na kupigia wenzao makofi. Halafu likizo ikiisha wakiacha kuja, tunasema hawakuwa na bidii.

Sasa angalia ni nani hao wanaokuja. Kuna anayeshuka tu lifti ya ghorofa iliyo mkabala na uwanja. Kuna aliyepanda 46 kutoka Kawangware, na hiyo nauli ya kwenda na kurudi mzazi alikuwa na mambo mengine ya kuifanyia. Kuna aliyetoka Kibera kwa miguu, viatu vya kuchezea viko kwa begi ndio soli isiishie barabarani. Wote wamefika saa tatu asubuhi, wote wanataka kitu kimoja, na kitu chenyewe ni mpira wenyewe mkononi.

Na nafasi ya kucheza huku mnajua vile ilivyo. Nyumba za zamani zilizokuwa na nyasi mbele na miti nyuma zinabomolewa, ghorofa zinaota mahali pake, na panapobaki wazi panakuwa maegesho. Ukipata uwanja wa simenti wenye vikapu viwili kwa saa moja na nusu, manze, umepata dhahabu. Kazi yote ya kocha iko hapo: atazigawa vipi hizo dakika 90 kwa watoto 12?

Tufanye hesabu, si ngumu. Lile zoezi la kwanza la kila mtu: watoto wanapanga foleni moja, mmoja anakimbia na mpira, anarusha kikapuni, anaokota, anampasia anayefuata. Tuseme kila mmoja anatumia sekunde 6. Watoto ni 12, kwa hivyo kila mtoto anangoja sekunde 72 ndio zamu yake irudi. Kwa dakika 10 atakuwa amerusha mara 8. Kwingine kote alikuwa amesimama, akivuta kamba za kaptula na kupiga stori.

Sasa wagawe watoto haohao vikundi vinne vya watatu watatu. Vikundi viwili kwa kila kikapu, kimoja kulia, kingine kushoto, kila kikundi na mpira wake. Zamu ya mtoto inarudi kila baada ya sekunde 18. Kwa zile dakika 10 atakuwa amerusha mara 33. Uwanja ni uleule, saa ni ileile, kocha ni yuleyule. Kilichoongezeka ni mipira mitatu na akili kidogo. Na kama mipira hakuna, hiyo pesa ya kuchapisha jezi zenye majina mgongoni si inunue mipira kwanza?

Watu husema foleni ndiyo nidhamu. Mimi nasema mtoto aliyesimama dakika moja kila zamu atafanya utundu, na kosa la huo utundu ni la ratiba. Mpe mpira uone kama atapata muda wa kumsukuma mwenzake.

Tena mchezo wenyewe haukuzaliwa hivyo. Mwaka wa 1891, kule Springfield, Massachusetts, mwalimu aliyeitwa James Naismith alipewa darasa la wanaume waliochoka na mazoezi ya ndani wakati wa baridi kali. Alipachika vikapu viwili vya matunda juu ya ukuta, akaandika sheria 13, akaanzisha mchezo. Darasa lake lilikuwa na watu 18. Unajua walicheza wangapi kila upande? Tisa. Yaani aligawa darasa lote mara mbili na kila mtu akaingia. Mambo ya kuchagua watano na wengine wakae yalikuja baadaye, na yalikuja kwa ajili ya mechi. Sisi tumeyachukua tukayaleta hadi kwa mazoezi ya Jumamosi ya mtoto wa miaka 11.

Ndio maana nawashawishi makocha wenzangu wapende ule mchezo wa watatu kwa watatu. Wengine wanauona ni wa kubarizi tu mtaani, lakini uliingia Olimpiki kuanzia michezo ya Tokyo, na sheria zake zinaeleweka haraka: nusu uwanja, kikapu kimoja, dakika 10 au wa kwanza kufika pointi 21, na sekunde 12 tu za kushambulia. Sasa rudi kwa wale watoto wetu 12. Ukiwagawa kwa tatu unapata timu nne. Vikapu ni viwili. Timu nne zinacheza kwa wakati mmoja na hakuna hata mtoto mmoja aliye nje. Na kama mko na kikapu kimoja tu, kama viwanja vingi vya mitaani, timu mbili zicheze dakika nne, zile zingine mbili zifanye mazoezi ya kudunda mpira na kupasiana pale kando, halafu mbadilishane.

Linganisha na watano kwa watano. Wawili wako nje tayari. Na kati ya wale kumi walio ndani, watatu wenye mikono ya haraka wanapitishiana mpira wao kwa wao hadi firimbi ilie. Mtoto mwoga anajua kujificha vizuri sana pale kwa kona. Kwenye watatu kwa watatu hakuna kona ya kujificha. Yule unayemkaba ni wako, mpira utakufikia, na itabidi uamue.

Sisemi tusiwafundishe mchezo kamili. Lazima wajue kukimbia uwanja mzima, kuachiana nafasi na kurudi kukaba. Weka dakika 20 za mwisho kwa hilo. Lakini wagawe watoto jozi sita, na kila jozi ikae nje mara moja tu, dakika tatu na kidogo. Mwishoni kila mtoto atakuwa amecheza karibu dakika 17 kati ya 20. Hiyo hesabu haitaki programu ya simu. Inataka saa na msimamo.

Kuna na jambo la kimo. Kikapu cha watu wazima kiko mita 3.05 kutoka chini. Shirikisho la dunia, FIBA, kwa mchezo wa watoto wa chini ya miaka 12 linataka kikapu cha mita 2.60 na mpira wa saizi 5. Hapa kwetu tunampa mtoto wa miaka 10 mpira wa saizi 7, ule wa wanaume, tunamweka mbele ya kikapu cha wanaume, halafu tunamkemea kwa nini anaurusha kutoka kiunoni kama anatupa gunia. Sasa anaurusha vipi tena, na nguvu za mabega hajapata? Kama kikapu hakishuki, msogeze mtoto karibu na umpe mpira mdogo. Mkono ukizoea vibaya akiwa na miaka 10, utamsumbua hadi chuo.

Halafu kelele. Hapa niwe mkali kidogo, makocha mnisamehe. Ukisimamisha mazoezi dakika tano ili umgombeze mtoto mmoja, umechukua dakika tano za kila mmoja wa wale 11 wengine. Jumla ni dakika 55 za watoto, zimeenda hivyo tu. Mwite kando, mwambie kitu kimoja cha kurekebisha, arudi ndani mchezo ukiendelea.

Na ile adhabu ya kukimbia kila ukipoteza mpira? Jamani, hii ni nchi ya Kipchoge. Mbio tunazifanyaje kuwa adhabu? Mtoto anajifunza haraka sana: nikiushika mpira naweza kuupoteza, nikiupoteza nakimbia, kwa hivyo afadhali nisiushike. Utamjua ukimwangalia. Akipasiwa anaurudisha palepale kama chapati imetoka kwa kikaango. Kocha atasema huyu hana talanta. Huyo mtoto ameelewa vizuri sana somo alilofundishwa.

Najua jibu mtakalonipa. “Sisi tunataka kushinda. Wazazi wanataka kushinda. Ukimchezesha kila mtu utapigwa.” Sawa, kwa mechi nakubali kuna hesabu nyingine. Mimi naongea kuhusu mazoezi, mahali ambapo hakuna ubao wa matokeo. Lakini hata tukiongea kushinda, wacha tuangalie kushinda kwenyewe kunatoka wapi.

Februari 2021, kule Yaoundé, timu yetu ya taifa ya wanaume, Morans, iliwapiga Angola 74 kwa 73. Angola hao wakati huo walikuwa wameshakuwa mabingwa wa Afrika mara 11. Tylor Ongwae alirusha ile ya mwisho, sekunde zikiisha, na mtaani watu waliirudia hiyo video hadi bando likaisha. Kocha alikuwa Liz Mills kutoka Australia, na mwaka huohuo kwa AfroBasket ya Kigali akawa mwanamke wa kwanza kuongoza timu ya wanaume kwa mashindano hayo. Tulishangilia, na tulistahili. Lakini kumbuka mara ya mwisho Kenya kufika AfroBasket ya wanaume ilikuwa 1993, ikichezwa hapahapa nyumbani. Miaka 28. Hilo pengo hatuwezi kulijaza kwa kuchagua watoto watano waliorefuka mapema darasa la sita.

Kwa sababu kurefuka hakuna ratiba. Mwenye miaka 12 anayewazidi wenzake kichwa leo anaweza kuwa wa kawaida akifika 17, na kama miaka yote hiyo aliambiwa tu asimame chini ya kikapu, hatajua kudunda mpira. Na yule mfupi uliyemweka mwisho kwa foleni anaweza kurefuka likizo moja tu, lakini atakuwa ashahamia mchezo mwingine. Joel Embiid, huyohuyo wa Yaoundé, alianza kucheza mpira wa kikapu akiwa na miaka 15. Mwaka 2023 alichaguliwa mchezaji bora wa NBA. Angekuwa kwa zile timu zetu za kufungia mlango watoto wakiwa na miaka 12, angefika akute orodha imejaa.

Jirani zetu Sudan Kusini wametuonyesha mengine. Julai 2024, pale London, walicheza na Marekani mechi ya kirafiki ya kujiandaa kwa Olimpiki. LeBron James alikuwemo, Stephen Curry alikuwemo. Marekani ilishinda 101 kwa 100. Pointi moja! Nchi yenyewe ilikuwa na miaka 13 tangu ipate uhuru, yaani rika moja na watoto wangu. Kwa hivyo mtu asiniambie kuwa akimwangalia mtu wa miaka 13 anaweza kujua atafika wapi.

Basi kila mtu achukue kazi yake. Kama wewe ni kocha, kabla hujatoka nyumbani andika dakika zako 90 kwa karatasi, na kwa kila zoezi jiulize ni watoto wangapi watakuwa wamesimama. Wakizidi wanne, badilisha zoezi. Kama wewe ni mzazi, mtoto akirudi usimuulize kama walishinda. Muulize leo alijaribu kitu gani ambacho hakijui bado. Akisema hakuna, ongea na kocha, kwa heshima, lakini ongea. Na wewe uliye na miaka 13 unayesoma hii kwa simu ya buda yako: kuomba mpira si kiburi. Mwambie kocha, “Naomba nijaribu upande wa kushoto.” Kocha mzuri atafurahi umesema.

Na kama uko na kaka au dada mkubwa asiye na shughuli Jumamosi asubuhi, mlete. Mpe kalamu na karatasi, akae kando ya uwanja, achague mtoto mmoja asiyeonekana sana na apige mstari kila anapogusa mpira. Mazoezi yakiisha, mwonyeshe kocha hiyo karatasi bila maneno mengi. Mistari ikiwa michache, atajihesabia mwenyewe, na Jumamosi inayofuata ataleta mipira minne.