Kimondo cha Mbozi kina nafasi Songea

Mkoani Ruvuma tukitaja madini tunataja makaa ya mawe ya Ngaka, yakuti ya Tunduru na urani ya Namtumbo, vitu vyenye bei sokoni. Kimondo cha Mbozi, kule Songwe, kina uzito wa tani zipatazo 16, lakini thamani yake haimo kwenye mizani. Imo katika aloi yake. Chuma cha ardhini karibu chote kimeshikana na oksijeni, ndiyo maana wahunzi wa Kikinga walihangaika na tanuri, mkaa na mivuo. Kimondo kilianguka kikiwa metali tayari: chuma asilimia 90 hivi, nikeli karibu 9, katika madini mawili, kamasaiti na taenaiti. Mawili hayo husukana kwa michirizi pale tu joto linaposhuka polepole mno, kwa mamilioni ya miaka, ndani ya gimba la angani. Hakuna kiwanda kinachoweza kusubiri hivyo.

Ndiyo maana nataka Makumbusho ya Majimaji hapa Songea yatenge kona ya madini haya mawili ya kimondo. Wapo watakaosema jumba lile ni la vita vya 1905 hadi 1907. Sawa, lakini mikuki ya vita hivyo ilitoka kwenye chuma kilekile kilichowatoa jasho wahunzi. Hoja nzito zaidi ni kwamba maonyesho yatachochea watu kukimega kimondo. Hatuhitaji kipande. Picha kubwa ya uso wa kimondo cha chuma, uliosuguliwa na kupakwa asidi hadi michirizi ikajitokeza, inamtosha mwanafunzi.