Chumvi ya Jikoni na Pua Iliyoziba

Hakuna dawa idharauliwayo upesi kama ile isiyouzwa dukani. Mwambie mtu mwenye pua iliyoziba kwamba dawa yake iko jikoni kwa mama yake, ndani ya kikopo cha chumvi na sufuria ya maji, naye atakucheka. Mwambie anunue vidonge vya rangi mbili asivyovijua jina, naye atakushukuru. Nayaandika haya kumpinga mtu huyo, na wewe msomaji nakuomba uwe mwamuzi baina yetu.

Njoo kwanza Ekero, karibu na mji wa Mumias, katika kaunti ya Kakamega. Hapa pua hazikosi mashitaka. Wakati wa kiangazi vumbi jekundu huinuka nyuma ya kila pikipiki. Shamba la miwa likichomwa, majivu meusi huangukia nguo zilizoanikwa uani. Jioni, katika jiko la kuni lisilo na dirisha, moshi humpata mpishi pamoja na mtoto afanyaye kazi ya shule kwa mwanga wa moto. Mafua yakiongezeka juu ya hayo, uso huwa mzito, paji huuma mtu ainamapo kufunga viatu, na usiku hulala kinywa wazi. Hapo watu husema, "Nina sinasi," kana kwamba sinasi ni jina la ugonjwa. La hasha! Kila mtu anazo. Sinasi ni mapango yaliyomo ndani ya mifupa ya uso, jozi nne, yenye milango myembamba ifungukayo puani. Utando wake hutoa kamasi, na vinywele vidogo visivyoonekana kwa macho huisukuma kamasi hiyo nje usiku na mchana. Moshi, vumbi au mafua yakiuvimbisha mlango, kamasi hukwama ndani, na maumivu huanza.

Sasa mtazame mgonjwa wetu. Huenda dukani, akataja neno lake moja, akapewa antibiotiki bila kupimwa wala kuulizwa cheti. Huzimeza siku mbili, akaona nafuu, na zilizobaki akazificha nyuma ya kioo zimngojee mafua ya mwezi ujao. Husema dawa imemponya. Jogoo naye akiwika kunakucha, lakini si yeye aletaye jua. Mafua, na sehemu kubwa ya maradhi ya sinasi yafuatayo mafua, huletwa na virusi, na antibiotiki haina uwezo juu ya virusi. Wengi hupata nafuu kwa siku saba hadi kumi, wameze au wasimeze. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alipopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1945 alionya kwamba mtu aitumiaye dawa hiyo ovyo, kwa kipimo kisichotosha, huvifunza vijidudu kuistahimili. Mgonjwa wetu ameifungua shule hiyo nyumbani mwake, na wanafunzi wake watahamia kwa jirani.

Wako pia wapendao matone ya kuzibua pua. Matone hayo hufanya kazi upesi, sikatai. Lakini yakitumiwa zaidi ya siku chache, pua huyazoea, na siku yasipotiwa huziba kuliko kwanza. Mtu huyanunua tena ili aondoe ugonjwa ulioletwa na matone yenyewe.

Maji ya chumvi hayadai makuu. Hayaui virusi. Kazi yake ni ya ufagio, si ya rungu: huilainisha kamasi nzito, huichukua pamoja na vumbi na masizi, na kuipa nafasi milango ya mapango ifunguke. Mwaka 2002, huko Wisconsin, Marekani, yalitolewa matokeo ya uchunguzi wa watu 76 waliosumbuliwa na sinasi mara kwa mara. Waliosafisha pua kwa maji ya chumvi kila siku kwa miezi sita walipungukiwa na taabu zao, tena walitumia antibiotiki kidogo kuliko wenzao wasiosafisha. Hiyo ni ahueni, si muujiza. Nami nasema ahueni ipatikanayo kwa kijiko cha chumvi haistahili kuchekwa.

"Lakini maji puani ni mambo ya mtu anayezama!" hunijibu mpinzani wangu. Basi awaulize Waislamu wa Mumias, ambao dini yao ilifikishwa huko na wafanyabiashara Waswahili zamani za Nabongo Mumia. Kila watawadhapo hupandisha maji puani, na hatujasikia kwamba wamezama. Maji matupu yakiingia ndani sana huwasha kwa sababu hayana chumvi kama ile iliyomo katika mwili. Yakitiwa chumvi kwa kipimo, pua huyapokea kwa amani.

Hata hivyo, sasa nawageukia watu wa upande wangu, na kwao nitakuwa mkali zaidi. Wako wasifuo maji ya chumvi, kisha wakayachota kisimani, mtoni Nzoia au bombani, wakayatumia mabichi. Huo si uganga, ni kucheza na roho. Katika maji baridi yenye uvuguvugu huweza kuishi kijidudu cha jamii ya amiba kiitwacho Naegleria fowleri. Ukikinywa hakikudhuru, kikipanda puani hufuata njia ya neva ya kunusia mpaka kwenye ubongo, na wachache mno huokoka. Mwaka 2011, katika jimbo la Louisiana, watu wawili walikufa baada ya kusafisha pua kwa maji ya bomba yasiyochemshwa. Huko Karachi, Pakistani, madaktari wameandika tangu mwaka 2008 habari za wagonjwa ambao wengi wao hawakuogelea popote, wakashuku maji ya kutawadhia. Ugonjwa huu ni adimu sana, wala sitaki uogope kuoga. Lakini chumvi uitiayo haikiui kijidudu hicho, wala macho yako hayatakiona hata maji yakiwa maangavu kama kioo. Moto hukiua.

Kwa hiyo chemsha. Maji yatokote kwa mapovu makubwa dakika moja kamili. Kutoa mvuke tu hakutoshi. Wewe ukaaye mahali pa juu zaidi ya mita 2,000, kama Nyahururu, ngoja dakika tatu. Yafunike yapoe mpaka yawe vuguvugu. Katika nusu lita tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi safi ya mezani, kilichosawazishwa. Usitie magadi, wala musherekha wa kulainishia mboga, maana hizo ni chumvi kali za jivu na udongo, nazo zitakuunguza. Nawa mikono. Inama juu ya karai, laza kichwa upande, pumua kwa kinywa, na kwa birika ndogo au bomba la sindano lisilo na sindano mimina polepole katika tundu la juu. Maji yatatokea katika tundu la chini. Usiyavute. Geuza upande wa pili, kisha penga taratibu, kwani kupenga kwa nguvu husukuma uchafu masikioni. Chombo kioshwe kwa maji yaliyochemshwa, kikaushwe, na kila mtu awe na chake. Maji yaliyobaki yamwage.

Yapo mambo ambayo ufagio huu hauyawezi. Jicho likivimba, au ukiona vitu viwili palipo na kimoja, au shingo ikikakamaa kwa homa na maumivu makali ya kichwa, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Taabu ikipita siku kumi bila kupungua, au ikipoa kisha ikarudi kwa ukali, muone tabibu. Huenda safari hii antibiotiki ikahitajika kweli, naye ndiye wa kuamua. Na ndugu yako mdogo akitokwa na kamasi yenye uvundo katika tundu moja tu la pua, weka birika chini. Aghalabu mna punje ya mahindi au harage alilolisukuma mwenyewe akicheza, na harage likipata maji hufura. Mpeleke zahanati wakalitoe likiwa dogo.